Saa Tisa ya Kaswera

Uongo wenyewe ulikuwa wa neno moja tu. Kaswera aliuliza, "Jana uliomba?" na Evas, akiwa amekwisha kupanda boda, mkoba mapajani na simu mkononi, akajibu, "Niliomba." Pikipiki ikaondoka. Mpaka wanafika kwenye kona ya Nyakiyumbu, Evas alikuwa bado anajiambia kwamba leo ataomba mara mbili, ya jana na ya leo, na deni la jana litakuwa limefutika.

Ilikuwa mwezi wa saba, mwaka wa 2019, na Bwera nzima, mji ulio mpakani na Kongo, ilinuka klorini. Kila mlango wa duka ulikuwa na ndoo ya maji ya dawa. Watu walikuwa wameacha kupeana mikono. Hata kanisani waumini waliinamiana tu na kuweka kiganja kifuani. Ebola ilikuwa ng'ambo, Beni na Butembo, na ng'ambo si mbali. Ukisimama Mpondwe, penye kivuko cha mpaka, unaweza kumwita mtu aliye Kongo akakuitikia.

Evas alikuwa mwinjilisti wa kanisa lililo juu kidogo ya soko, mwanamke wa miaka arobaini na minne, mrefu, mwenye sauti ya kusikika bila kipaza sauti. Alikuwa mwenyekiti wa akina mama. Alikuwa kwenye kamati ya mazishi. Tangu ugonjwa uanze alikuwa akizunguka makanisa kumi na moja kufundisha watu kunawa mikono na kuzika bila kumgusa maiti, na kati ya ziara moja na nyingine alikwenda kuwaona wageni waliokimbia vita. Hakujua kukataa. Mtu akimwambia shida yake njiani, Evas alimshika bega, siku zile kabla mabega hayajakatazwa, akamwambia, "Nitakuombea." Alilisema mara kumi kwa siku, na kila alipolisema alilimaanisha.

Kaswera alikuwa mmoja wa wageni hao. Alitoka Butembo mwaka uliotangulia na mtoto wake wa miaka minne, Aaron, akawa anauza vitenge kwenye soko la Mpondwe siku za Jumanne na Ijumaa. Evas ndiye aliyemtafutia chumba nyuma ya kanisa, ingawa Kaswera alikuwa Mkatoliki na Jumapili alishuka kwenda kwenye misa yake. Lugha ya nyumbani ya wanawake hawa wawili ilikuwa karibu moja, maana mto wa mpakani haukugawa ukoo. Lakini biashara na mambo mazito Kaswera aliyasema kwa Kiswahili cha ng'ambo, na Evas alikuwa amekwisha kukizoea.

Ijumaa moja Kaswera alimwita, akaacha mteja amesimama na kitenge mkononi.

"Mama Evas, bwana yangu Stanislas alienda kuchukua mama yake kule Butembo. Siku ine sasa, telefone yake haiite. Banasema batu ba pori, bale ba bunduki, balifunga njia ya Beni."

"Mungu atamlinda, Mama Aaron."

"Najua. Lakini miye naogopa kuomba peke yangu. Nikianza rozari, kichwa inakimbia, naona tu damu." Alishusha sauti. "Saa tisa, kila siku, nafunga vitenge, naingia mu nyumba, naomba. Weye pia ukuwe unaomba saa ile ile. Hata kama uko mbali. Nisikie tu kama tuko babili. Utaweza?"

"Nitaweza."

"Usiniambie hivi hivi tu, mama."

"Nimekuambia nitaweza. Saa tisa kamili."

Na kweli alikusudia. Jioni ile alitega simu yake ilie saa tisa kila siku. Jumamosi simu ililia akiwa mbele ya watu sitini, anaonyesha jinsi ya kusugua kati ya vidole, akaizima bila kuitazama. Jumapili, baada ya ule uongo wa kwenye boda, ilimlilia Nyakiyumbu, pembeni mwa kaburi, ambako watoto wa marehemu walikuwa wakigombana na watu wa afya waliotaka kumzika baba yao wakiwa wamevaa mavazi ya plastiki. Evas alisimama katikati ya pande mbili, mikono imeinuliwa, akawatuliza kwa saa mbili nzima. Usingeweza kumwambia mtu, katika hali ile, nipe nafasi nikaombe. Hivyo ndivyo alivyojiambia. Jumanne alikumbuka. Alikaa kwenye benchi la kanisa, akafumba macho, akasema, "Bwana, mkumbuke Stanislas," na simu ikatetemeka mapajani: Mchungaji Nobert anataka orodha ya makanisa, aitume Kasese sasa hivi. Aliitafuta orodha. Alipoinua kichwa, ilikuwa saa kumi na nusu.

Kila jioni alipopita, Kaswera alikuwa mlangoni kwake.

"Uliomba?"

"Niliomba, mama."

"Aksanti. Miye pia nilisikia. Leo kichwa haikukimbia sana."

Hilo ndilo lililomchoma Evas kuliko yote, kwamba uongo ule ulikuwa unamsaidia mwenzake. Akiutoa, atamwangusha. Basi akaendelea.

Mumewe, Yosamu, alikuwa mkulima wa kahawa kule Mahango, mlimani, na alishuka nyumbani mara mbili kwa wiki. Usiku mmoja alimkuta mkewe amepiga magoti, paji la uso kitandani, anakoroma. Akamwamsha.

"Mama Immy, siku hizi unaomba saa ngapi?"

"Naomba nikiwa natembea."

"Mimi nikitembea naona miguu yangu tu."

"Yosamu, nimechoka. Usianze."

Hakuanza. Alimvua viatu, akamfunika. Evas alilala huku amekasirika, na hakujua amemkasirikia nani.

Jumatano ya wiki ya pili, asubuhi, Kaswera alipanda ngazi za kanisa mbio, miguu mitupu, kitambaa cha kichwa kimeanguka begani. Stanislas alikuwa amepiga simu! Alikuwa hai. Yeye na wenzake walikuwa wamejificha kwenye mashamba ya kakao, wakatembea usiku, simu ikaisha chaji, na sasa alikuwa Beni mjini, nyumbani kwa mapadri. Mama yake hakuweza kuendelea na safari kwa miguu. Angemwacha pale, avuke, kisha wapange namna ya kumchukua.

"Mungu alitusikia, Mama Evas! Siye babili!"

Mchungaji Nobert alitoka ofisini kwa kelele zile. Alikuwa mtu wa miaka hamsini, mwenye shati lililonyooshwa vizuri siku zote na mipango mingi kuliko siku. Alisikiliza habari yote, macho yakang'aa, na Evas alijua kinachokuja kabla hakijatoka mdomoni. Jumamosi kulikuwa na kongamano la akina mama Kasese. Mwalimu wa somo la maombi alikuwa amejitoa. Evas angefundisha, na Kaswera angetoa ushuhuda.

"Mchungaji, mimi nina ziara Jumamosi," Evas alisema.

"Ziara itasubiri. Wewe ndiye mwenye somo hili, Mama Immy. Siku kumi na mbili bila kukosa! Wangapi kati yetu wanaweza?"

Evas alifungua mdomo. Kaswera alikuwa anamtazama, uso umelowa machozi, anacheka. Evas akafunga mdomo.

Ukumbi wa Kasese ulikuwa wa shule, bati moto, viti vya plastiki, wanawake kama mia nne wenye gomesi na vitenge. Kaswera alisimama mbele yao. Hakuwahi kushika kipaza sauti maishani mwake. Alieleza jinsi alivyokuwa akishindwa hata kumaliza salamu moja ya Maria, na hapo wengine waligunaguna kidogo, lakini alipomwonyesha Evas kwa kidole ukumbi wote ulitulia.

"Huyu mama," alisema, "iko na kazi mingi kuliko batu bote ba Bwera. Lakini saa tisa alikuwa anaacha yote. Kila siku. Juu ya mutu yeye hamujui, na miye si mutu wa kanisa yake. Kama si yeye, miye ningekuwa kichaa."

Wanawake walipiga vigelegele. Mmoja kutoka mstari wa mbele alikuja akapiga magoti mbele ya Evas bila kumgusa, akainuka, akarudi. Mshereheshaji akamkaribisha Evas kwa somo lake.

Alisimama. Alikuwa ameandika karatasi mbili za mafundisho ya sala isiyokatika katikati ya shughuli, na karatasi zile zilikuwa nzuri. Alijua kuna sentensi moja ambayo ingepaswa kutangulia zote. Aliitafuta, akaipata, ikafika hadi kwenye meno. Kisha akaona nyuso mia nne zinazongoja, akamwona Mchungaji Nobert ameshika simu anapiga picha, na akasikia sauti yake mwenyewe, ile isiyohitaji kipaza sauti, inasema, "Bwana asifiwe, akina mama!"

Alifundisha kwa dakika arobaini. Alifundisha vizuri, na hilo ndilo jambo baya kuliko yote aliyoyafanya. Watu walilia. Mama mmoja aliahidi, mbele ya wote, kuamka saa kumi kila alfajiri kuombea kijiji chake. Evas aliporudi kwenye kiti, blauzi yote ilikuwa imelowa mgongoni, na alikunywa chupa nzima ya maji bila kuvuta pumzi.

Walirudi alasiri kwenye gari la mchungaji, yeye akiendesha, Evas kando yake, Kaswera nyuma. Walikuwa wamepita Kikorongo, wameingia barabara ya kuelekea mpakani, wakati simu ya Kaswera ilipolia. Alipokea akicheka. Kicheko kikakatika.

"Nini?" Evas aligeuka. "Mama Aaron, nini?"

"Alivuka. Iko Mpondwe." Kaswera alikuwa ameishika simu kwa mikono miwili. "Balimupima kichwa na ile kamashini ya joto. Iko na moto. Alitapika mbele yabo. Balimuingiza mu hema."

Mchungaji alipunguza mwendo. Hakuna aliyeutaja ugonjwa ule kwa jina. Kule Beni Stanislas alikuwa amelala siku tatu kwenye nyumba iliyojaa wakimbizi. Kila mtu ndani ya gari aliliwaza hilo.

Kaswera aliegemea mbele, uso kati ya viti viwili. "Mama Evas, omba. Weye Mungu anakusikiyaka. Omba sasa, sauti kubwa, miye nitaitika. Omba, mama!"

Evas alifumba macho. Akavuta pumzi ya kuanzia. Angeweza, maneno alikuwa nayo tele, yalikuwa bado moto kutoka ukumbini. Akafumbua macho.

"Sikuomba," alisema.

"Omba sasa."

"Hapana, sikiliza. Zile siku. Ile saa tisa. Sikuomba, Mama Aaron. Hata siku moja sikumaliza. Kila jioni nilikudanganya."

Mchungaji Nobert alitazama barabara kana kwamba imepotea. Kisha akasema kwa lugha ya nyumbani, polepole, "Mama Immy, haya ni maneno gani? Umechoka."

"Sijachoka. Ndiyo kweli."

Kaswera alikuwa amerudi nyuma kwenye kiti. Evas alisubiri matusi, akatamani yaje. Yalipokawia akageuka, na akaona uso ambao hakuwahi kuuona, mkavu, mdogo, kama uso wa mtoto aliyeamka akakuta nyumba haina mtu.

"Kumbe nilikuwa peke yangu," Kaswera alisema.

"Mama Aaron…"

"Siku kumi na mbili. Nilikuwa naongea na weye mu ile nyumba, unajua? Nilikuwa nasema, Mama Evas, shika hapa, miye nimechoka. Kumbe hakuna mutu." Aligonga kiti cha mchungaji. "Simamisha."

"Tuko mbali bado, mama, tutakufikisha…"

"Simamisha gari!"

Ilikuwa Kinyamaseke. Alishuka, akapanda boda ya kwanza iliyosimama, na hakugeuka nyuma. Mchungaji alikaa na mikono juu ya usukani.

"Ungeniambia mimi kwanza," alisema hatimaye. "Tungetafuta namna. Wale akina mama wa Kasese wamejengwa leo, umeona mwenyewe. Sasa hili likifika kule?"

"Litafika, Mchungaji. Nitalipeleka mwenyewe."

Mchungaji akaingiza gia.

Kesho yake, Jumapili, baada ya ibada, Evas alishuka Mpondwe kwa miguu. Mahema ya kutenga wagonjwa yalikuwa ndani ya uzio wa turubai, ng'ambo ya tangi la maji, na ndugu walikaa nje kwenye kivuli chembamba cha ukuta. Stanislas alikuwa ndani. Damu yake ilikuwa imepelekwa maabara. Majibu kesho, labda keshokutwa. Alikuwa ameharisha usiku kucha. Twaibu, mhudumu wa pale getini, kijana mwenye buti za mpira hadi magotini, ndiye aliyempa Evas habari hizo, maana Kaswera alipomwona alisimama.

"Umekuja kuangalia nini?"

"Nimekuja kuomba."

"Omba kwako."

"Nitakaa pale kwenye jiwe. Sitakusogelea."

Kaswera aligeuza uso. Aaron hakuwepo, alikuwa ameachwa kwa majirani.

Evas alikaa kwenye jiwe, jua likimpiga kisogoni. Ilikuwa saa nane na dakika hamsini. Aliizima simu, si kuinyamazisha tu, akaitia ndani ya mkoba. Na hapo, kwa mara ya kwanza katika miezi mingi, akawa hana la kufanya ila lile moja.

Alidhani itakuwa rahisi. Aliwahi kuomba mbele ya uwanja mzima bila karatasi. Lakini maneno yote yaliyokuja yalikuwa ya kusikiwa na watu, na pale hapakuwa na mtu wa kuyasikia. Akayaacha. Akabaki na jina la Stanislas. Alilisema. Akawaza kama amewaambia watu wa mafunzo ya Jumanne jina la ukumbi. Akarudi kwa Stanislas. Akawaza mchungaji ataongea nini na kamati. Akarudi. Nzi alimtua mdomoni. Akarudi. Alikuwa kama mtu anayefukuza mbuzi shambani, akimtoa upande huu anaingia upande ule, na alipofungua macho akiamini kwamba saa nzima imepita, alimuuliza Twaibu saa, naye akasema ni saa tisa na dakika tisa.

Alikaa. Ilipofika kama saa kumi, Twaibu alimwachia mwenzake kipimo cha joto, akanawa, akavua buti, akatandika mkeka mdogo nyuma ya tangi. Malori yalikuwa yanapiga honi, foleni ya watu ilikuwa hadi barabarani, mtu mmoja alikuwa anafoka kwa Kifaransa. Twaibu aliswali pale pale, akamaliza, akavaa buti, akarudi kupima vichwa vya watu. Evas aliona aibu, kisha aibu ikapita, akafumba macho tena.

Jioni alipowasha simu, Mchungaji Nobert alikuwa amepiga mara sita. Kesho kulikuwa na wageni kutoka Kampala, saa nane, kuangalia mafunzo ya kunawa mikono. Walikuwa wanakuja kumwona yeye.

"Mchungaji, kesho saa tisa sitakuwepo. Musoki anayajua yote, amefundisha nami tangu mwanzo."

"Mama Immy, hii ndiyo huduma yenyewe! Unaacha kuokoa watu unakwenda kukaa kwenye jiwe?"

Huenda alikuwa na haki, mchungaji. Mikono iliyonawa iliokoa watu kweli. "Nilimwahidi mtu," alisema tu. "Nimechelewa, lakini nilimwahidi."

Mchungaji alikata simu.

Jumatatu hali ilikuwa mbaya zaidi. Twaibu hakutaka kumtazama mtu machoni. Alisema mgonjwa anaweweseka, hataki maji, na kwamba usiku alitokwa damu puani. Kaswera aliposikia damu alikaa chini kwenye vumbi. Rozari ilikuwa mkononi. Alianza salamu, midomo ikatetemeka, sauti ikakauka. Akaanza tena. Evas, kule kwenye jiwe, alisikia kila alipokatika, na kila mara alijizuia asiinuke.

Saa tisa ilipofika, kivuli kilimwangukia. Kaswera alikuwa amesimama mbele yake, macho mekundu.

"Sijakusamehe."

"Najua."

"Usinisemeshe mambo mingi. Sauti yangu imeisha. Nikishindwa, weye unashika. Nikipata nguvu, narudia miye."

"Maneno yako siyajui yote, Mama Aaron."

"Sema yako. Atachagua mwenyewe."

Alikaa ardhini, mgongo kwenye jiwe, bega lake karibu na goti la Evas bila kuligusa. Akaanza. Alifika salamu ya nne, akakwama, na Evas akaingia hapo hapo alipokwama, bila utangulizi wala sauti ya mimbari: Bwana, ni Stanislas, yuko ndani ya hema, ana kiu na hataki kunywa, mfanye anywe. Kaswera akapata pumzi, akarudia salamu zake. Wakaenda hivyo, mmoja akichoka mwingine anapokea, Mkatoliki na Mlokole, mpaka Evas akaacha kujua ni zamu ya nani. Aliwaza mambo mengine, ndiyo. Lakini kila alipopotea, sauti ya mwenzake ilikuwa bado inaendelea mahali alipoiacha, naye akairudia. Hakuna aliyeuliza saa.

Jua lilikuwa limeshuka kwenye milima ya Kongo wakati Twaibu alipofungua geti.

"Watu wa Stanislas!"

Walisimama wote wawili. Kaswera aliteleza, Evas akamdaka mkono, na hakuna aliyekumbuka kwamba mikono imekatazwa. Twaibu alishusha barakoa, jambo ambalo hakutakiwa kulifanya.

"Si ile," alisema. "Majibu yamekuja. Ni malaria, malaria kali sana. Ameshatundikiwa dawa. Na amekunywa maji, kikombe kizima."

Kaswera hakupiga kelele. Aliinama akashika magoti yake, kama mtu aliyepanda mlima wote wa Mahango bila kupumzika. Evas alisimama kando.

Mambo hayakuishia katika raha tupu. Jumapili iliyofuata Evas alisimama mbele ya kanisa la Bwera, akasema alichokifanya, neno kwa neno, na akaandika barua ya maneno hayo hayo kwa akina mama wa Kasese. Wengine walimkumbatia kwa macho. Wengine hawakumsalimia tena, na yule mama aliyeahidi kuamka alfajiri alituma ujumbe wa mistari miwili ambao Evas hakumwonyesha mtu, hata Yosamu. Mchungaji Nobert alimpa Musoki mafunzo yote ya kunawa mikono, na akina mama wakapata mwenyekiti mwingine. Kwa siku chache Evas alijihisi kama mtu aliyevuliwa nguo. Baadaye aligundua kwamba alasiri zake zina nafasi, na nafasi ile ilimtisha kidogo. Kuna siku aliitumia vizuri. Kuna siku alilala.

Stanislas alitoka wodini baada ya siku nane. Evas alikutana nao barabarani, karibu na soko, yeye na mkewe na Aaron aliyepanda mabegani mwa baba yake, ingawa baba mwenyewe alikuwa amekonda mpaka ukosi wa shati ulimzunguka shingoni kama pete ya mtu mwingine.

"Njo huyu Mama Evas?" Stanislas aliuliza kwa furaha, akainama kwa heshima. "Bibi yangu aliniambia ya kama mulikuwa nje pale pamoja."

Evas alimtazama Kaswera. Hakujua mwenzake alikuwa amesimulia kiasi gani. Kaswera alikuwa anamrekebishia Aaron kiatu.

"Mama," Stanislas alisema, na furaha ikapungua usoni, "mama yangu angali Beni kwa bapadri. Mugongo inamuuma, hawezi kutembea, na njia bado mubaya. Utatuombeya?"

Kaswera aliacha kiatu. Sasa alikuwa anamtazama Evas moja kwa moja, na hakumsaidia.

Neno lile la zamani lilikuwa pale pale ulimini, tayari, la bure. Evas alikuwa anakwenda kwa mgonjwa, na alikuwa amechelewa.

"Mama anaitwa nani?" aliuliza.

"Marlène."

Evas alishusha mkoba wake kwenye ukuta mfupi wa mfereji, akakaa. Boda mbili zilipita karibu sana, vumbi likawafunika. Stanislas alimtua mtoto, akasita kidogo, kisha akakaa naye. Kaswera alibaki amesimama kwa muda, kama mtu anayepima jambo. Halafu alijisogeza, akakusanya kitenge chake, akakaa upande wa pili wa Evas.

"Anza weye," alisema.